Kufufua televisheni za rangi za valvu Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara ilikaa bila televisheni yoyote hadi mwaka 1994. Ndiyo maana visiwani kwetu bado yamo masanduku mazito ya mbao yenye chogo kirefu, mengine chini ya ngazi za nyumba za Mji Mkongwe, mengine katika stoo za Michenzani, Wete na Chake Chake, yakiwa yamefunikwa vitambaa vya kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu yake. Maswali yaliyomo humu ni yale ambayo wenye masanduku hayo huniuliza wanapotaka kuyafufua. Majibu yametokana na kazi ya mikono, na nimeyaandika kwa kirefu pale penye hatari ya kupoteza chombo au kupoteza mtu.

Nimeikuta televisheni ya marehemu babu na kwa nje inaonekana nzima. Je, niitie umeme nione kama inawaka?

Hapana, tafadhali sana. Karibu kila anayeniletea televisheni iliyoungua huanza na maneno yale yale: "Fundi, ilikuwa nzima siku tulipoifunika." Nami huamini kwamba ni kweli ilikuwa nzima siku hiyo, lakini miaka thelathini au arubaini ya kukaa bila umeme imeibadilisha kwa ndani. Kapasita zake kubwa za elektroliti, zile kopo za alumini zinazosawazisha umeme baada ya kubadilishwa kuwa wa mkondo mmoja, hutegemea utando mwembamba wa oksidi uliopo juu ya karatasi ya alumini, na utando huo hudhoofika pole pole kapasita inapokaa bila volti. Ukiipa ghafla volti 300, kapasita hupitisha umeme mwingi ndani yake, hupata moto, na mwisho hupasuka. Ikipasuka huondoka na wenzake: rektifaya (kinachogeuza umeme kuwa wa mkondo mmoja), rezista kubwa ya waya, na mara nyingine transfoma.

Niliwahi kuletewa moja kutoka Ng'ambo, ule upande wa pili wa mji wetu, ambayo vijana wa nyumba waliichomeka usiku wa sikukuu kwa furaha tu. Fyuzi yake ilikuwa imeondolewa zamani na mahali pake pamefungwa waya wa shaba, kwa hiyo kapasita ilipopiga shoti hapakuwa na kitu cha kukata umeme. Rezista ya waya ilikuwa imekatika vipande viwili, na ute wa kapasita ulikuwa umetapakaa mpaka kwenye vikalio vya valvu, zile chupa za kioo zenye miguu. Hasara yote hiyo ilipatikana kwa muda usiozidi dakika moja. Basi kabla ya jambo lolote jingine, kagua fyuzi, na ukikuta waya, utoe uweke fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye chasisi.

Nitajuaje kama yangu ni ya valvu?

Chomoa plagi, fungua kifuniko cha nyuma, utazame kama kuna chupa za kioo zenye miguu. Televisheni nyingi za rangi za Ulaya zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1967 hadi katikati ya miaka ya 1970 ni za mchanganyiko: transista hufanya kazi za mawimbi madogo, na valvu hubeba kazi nzito za volti kubwa. Utakazokutana nazo zaidi ni PL509 au PL519, PY500, GY501, PD500, PCF802 na PCL805. Herufi hizo zina maana. P ya mwanzo inaonyesha kwamba waya wa moto wa valvu, ule unaowaka ndani ya chupa, hutumia miliampia 300, L ni pentodi ya nguvu, Y ni rektifaya, na CF au CL ni valvu mbili ndani ya chupa moja. Ukishazizoea herufi hizi utaweza kusoma chasisi usiyoijua.

Ikiwa chombo kimetoka Marekani, kwa kawaida kimejengwa kwa mfumo wa rangi wa NTSC na umeme wa volti 120, na hakitatoa rangi kwa matangazo ya PAL ambayo ndiyo yaliyotumika huku kwetu.

Hatari zake ni zipi hasa?

Hatari ya kwanza, ambayo hata mafundi wa redio huisahau, ni kwamba chasisi yenyewe huwa na umeme. Televisheni nyingi za aina hii hazina transfoma inayotenganisha chombo na umeme wa ukutani. Upande mmoja wa umeme umeunganishwa moja kwa moja na chuma cha chasisi. Plagi ikigeuzwa, au soketi ikiwa imefungwa kinyume, chuma chote unachokishika ni moto wa volti 230. Usifanye kazi ndani ya chombo kinachowaka bila transfoma ya kutenganisha umeme yenye uwezo wa kutosha, wati 500 au zaidi, kwa sababu televisheni hizi hutumia wati 300 hivi. Stebilaiza za dukani si mbadala wake, kwa kuwa nyingi hazitenganishi chochote.

Hatari ya pili ni volti kubwa ya kioo cha picha, inayofika 25,000. Kioo chenyewe ni kapasita: kina rangi nyeusi ya grafiti kwa nje na utando mwingine kwa ndani, na huweza kushika umeme muda mrefu baada ya kuzimwa. Kabla ya kugusa kofia ya mpira iliyopo ubavuni mwa kioo, chukua bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki, iunganishe kwa waya wenye rezista ya kiloomu 10 na ule msuko wa waya unaogusa grafiti, kisha iingize chini ya kofia, huku mkono wako mmoja ukiwa nyuma ya mgongo. Subiri dakika tano urudie tena, kwa maana umeme kidogo hurudi wenyewe.

Hatari ya tatu haina sauti wala harufu. Valvu za PD500 na GY501 hutoa mionzi ya eksirei zinapofanya kazi kwa volti hizo, na ndiyo sababu waundaji walizifungia ndani ya sanduku la chuma. Usiwashe televisheni sanduku hilo likiwa wazi, na usipandishe volti ya kioo kupita kiwango cha mtengenezaji kwa kutaka picha ing'ae zaidi. Kioo nacho hakina hewa ndani; shingo yake ikipigwa au ikibebewa, inaweza kuvunjika kwa kishindo. Vaa miwani na ukibebe kwa uso wake.

Kazi ianzie wapi?

Ianzie kwenye uchafu na unyevu. Hewa yetu ina chumvi, na mvua za masika na vuli huacha unyevu ndani ya mbao na karatasi kwa miezi. Ukifungua chombo kilichokaa Pemba miaka ishirini utakuta vumbi lililoshikana kama ukoko, mayai ya mjusi kafiri yaliyogandishwa kwenye kona ya chasisi, nyumba za mchwa wa ukutani zilizojengwa kwa udongo, na mara nyingi mjusi mwenyewe aliyekauka akiwa amelala kati ya kofia ya PL509 na ukuta wa sanduku la chuma. Mjusi huyo si kichekesho: mwili wake ulikuwa njia ya umeme, na chini yake utaona alama nyeusi iliyoungua, ambayo lazima ikwanguliwe, kwa sababu kaboni hupitisha umeme.

Ondoa vumbi kwa brashi laini na upepo wa pampu, si kwa maji. Toa valvu moja moja, ukiandika kila moja imetoka wapi, na usisugue maandishi yake, kwani hufutika kwa kidole tu. Tazama miguu yake kwa karibu. Mguu wa valvu yenye afya hung'aa. Wa valvu iliyokaa karibu na bahari huwa na rangi ya kijivu, na kikalio chake huwa na unga wa kijani kwenye mashimo. Safisha mashimo kwa spiriti na kijiti chembamba, kaza vibano vilivyolegea kwa sindano, kisha ingiza na uchomoe valvu mara tano au sita.

Baada ya hapo kausha. Mimi huweka balbu ya wati 60 ya kizamani ndani ya sanduku, mbali na plastiki, nikafunika kwa shuka na kuiacha iwake siku tatu mchana, mtu akiwapo. Joto hilo dogo hutoa unyevu ulioingia katika nyuzi za flaibaki, transfoma inayotengeneza volti kubwa ya kioo, ambayo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kupatikana tena. Fundi anayeruka hatua hii kwa haraka hunipa huzuni kweli.

Ni lazima nibadilishe kapasita zote?

Si zote. Kapasita za karatasi zilizozamishwa katika nta au lami badilisha bila kuzipima, kwa sababu karatasi yake imeshanywa unyevu. Zile za poliesta mara nyingi huwa bado nzuri, na kuzitoa ovyo ni kutafuta kupasua bodi. Kapasita ya kuangaliwa kuliko zote ni ile inayopeleka mawimbi kwenye gridi (wavu unaodhibiti umeme ndani ya valvu) ya valvu ya nguvu, kwa sababu ikivuja kidogo tu gridi hupata volti chanya, valvu hupitisha umeme kupita kiasi, na utakuwa umeunguza valvu ya bei kwa sababu ya kitu cha senti chache. Ile inayoshika volti ya ziada karibu na flaibaki nayo iwe ya volti 1,000 au zaidi.

Kopo kubwa za elektroliti unaweza kuzijaribu kuzirudishia uhai. Ziunganishe nje ya saketi na umeme wa mkondo mmoja kupitia rezista ya kiloomu 47, uanze na volti chache na kupanda pole pole kwa saa kadhaa, ukipima uvujaji. Ikiwa uvujaji unashuka na kopo linabaki baridi, inafaa. Ikiwa haushuki, au kopo limevimba, weka mpya chini ya chasisi na uliache kopo la zamani mahali pake kwa ajili ya sura.

Pima pia rezista za kaboni zilizopo karibu na valvu za moto. Hupanda thamani kwa joto bila kuonyesha dalili kwa nje. Nimekuta iliyoandikwa kiloomu 470 ikisoma megaomu moja na zaidi.

Siku ya kwanza ya kuwasha nifanyeje?

Tenganisha kwanza plagi ya koili ya kufutia sumaku iliyozunguka kioo, kwa sababu posista yake, rezista inayobana umeme inapopata moto, huvuta umeme mwingi inapokuwa baridi na itakudanganya. Funga balbu ya wati 100 au 150 mfululizo na umeme wa chombo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zote na kubaki hivyo, kuna shoti. Ikififia, endelea, lakini usitegemee picha kwa njia hii, kwani balbu inakula volti. Ukisharidhika, iondoe uwashe kwa umeme kamili, macho yako yakiwa kwenye PL509 na mkono ukiwa kwenye swichi.

Bamba la ndani la PL509 linageuka jekundu. Nini maana yake?

Zima papo hapo. Valvu hii hupata volti hasi ya gridi yake kutokana na mawimbi yenyewe inayoletewa, ambayo kwa kawaida hutengenezwa na PCF802. Mawimbi yakikosekana, volti hasi nayo hukosekana, na valvu hubaki wazi kabisa mpaka bamba lake lielekee kuyeyuka. Kwa hiyo kosa mara nyingi haliko kwenye PL509. Tafuta PCF802 iliyochoka, kikalio kichafu, au sehemu iliyolehemiwa ikapasuka kwa joto. Sababu nyingine ni flaibaki yenye shoti baina ya mizunguko yake, au PY500 iliyoungua.

Baadhi ya chombo zina rezista yenye kispringi kilichoshikwa kwa risasi ya kulehemu, ambacho huruka joto likizidi. Ukikikuta kimeruka, usikirudishe kwa waya. Tafuta kwanza kilichokirusha.

Valvu zote ziko giza. Je, zote zimekufa?

La. Waya za moto zimefungwa kwa mfululizo, kama taa za mapambo: PL509 huchukua volti 40, PY500 volti 42, na nyingine sehemu zake. Moja ikikatika, zote huzimika. Pima kila moja kwa mita, chombo kikiwa kimechomolewa. Jambo la hatari zaidi ni kinyume chake. Chombo chenye dayodi katika mfululizo huo, dayodi ikipiga shoti, huwasha valvu zote kwa mwanga mkali kupita kawaida bila kuzima chochote, na mwenye nyumba hufurahi kuona zinawaka vizuri hali zinakwisha. Ukiona mwanga wa njano badala ya mwekundu wa kaa la moto, zima upime dayodi.

Nasikia sauti kama mafuta yanayochemka na kuna harufu kali. Ni nini?

Ni volti kubwa inayovuja hewani, na harufu hiyo ni ya ozoni. Huku kwetu hili ndilo kosa la kawaida kuliko mengine wakati wa masika, na hutokea hata kwenye chombo kilichotengenezwa vizuri. Zima taa za chumba, washa, na tazama bila kugusa: utaona mwanga wa buluu au wa zambarau pembeni mwa kofia ya mpira, kwenye ncha ya risasi iliyochongoka, au juu ya vumbi la kioo. Zima, toa umeme wa kioo kama ilivyoelezwa, kisha safisha kioo sentimita kumi kuzunguka kofia kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Mpira uliopasuka ubadilishwe. Paka grisi ya silikoni chini ya kofia mpya, na viringisha kila ncha ya risasi iliyopo upande wa volti kubwa.

Tatizo likirudi kila msimu, kosa liko kwenye mahali pa kuwekea. Televisheni iliyoegemezwa ukuta wa mawe na chokaa, ambao hutoa unyevu mwaka mzima, haiwezi kukauka. Isogeze mbali na ukuta kiasi cha mkono mmoja, na isikae mkabala na dirisha la upande wa bahari. Kuiwasha saa moja kila wiki huikausha kuliko dawa yoyote. Na kitambaa cha kufuma kisizibe kamwe matundu ya nyuma.

Picha ina madoa ya rangi, na mistari imeachana.

Hayo ni makosa mawili. Madoa ya rangi hutokana na sumaku, kwa mfano spika iliyowekwa juu yake. Rudisha koili ya kufutia sumaku, na kumbuka kwamba posista yake haifanyi kazi tena mpaka ipoe dakika kumi au zaidi. Kuachana kwa mistari ni kwamba mionzi mitatu, nyekundu, kijani na buluu, haikutani mahali pamoja. Iache iwake nusu saa, onyesha picha ya mistari myeupe iliyokatana, panga kwanza katikati kwa sumaku za shingoni, halafu pembeni kwa vitufe vya bodi yake, ukiandika kila kitufe kilikuwa wapi. Pembe mbili za mwisho hazikubali kabisa, na hazikukubali hata chombo kilipokuwa kipya.

Kioo kimechoka au bado?

Kilichochoka huchukua dakika nyingi kutoa picha, na nyuso nyeupe hung'aa kama bati badala ya kuonyesha ngozi. Kuongeza volti ya waya wa moto kwa asilimia kumi huweza kukipa muda zaidi, lakini ni hatua ya mwisho.

Umeme unakatika na kurudi. Nijilinde vipi?

Kila mmoja wetu wa Unguja anakumbuka giza la karibu mwezi mzima mwaka 2008 na la miezi mitatu kuanzia Disemba 2009, waya wa chini ya bahari ulipoharibika. Lakini kinachoua televisheni si giza refu. Ni umeme unaorudi ukiwa juu na kushuka mara tatu ndani ya dakika moja. Umeme ukikatika, chomoa plagi, usizime swichi tu, na usirudishe kabla ya robo saa. Stebilaiza yenye kuchelewesha inafaa sana, hasa sehemu za shamba ambako volti hushuka jioni, kwa kuwa valvu yenye moto hafifu inayolazimishwa kutoa umeme mwingi huchakaa upesi. Hakikisha pia kile kibano cha kuchagua volti kiko kwenye 230 au 240, si 220.

Itaonyesha nini sasa, na matangazo ni ya dijitali?

Tanzania ilianza kuzima matangazo ya analojia tarehe 31 Disemba 2012, kwa hiyo antena pekee haitoshi. Tumia kisimbuzi chenye tundu la antena la kutolea, au chenye nyaya za picha na sauti zikipitia modyuleta ya masafa ya UHF, kifaa kinachogeuza picha na sauti kuwa mawimbi ya antena. Angalia mpangilio wa sauti: vyombo vilivyoundwa kwa soko la Uingereza hutaka megahezi 6.0, na vya Ulaya bara vingi hutaka 5.5. Ukipata picha safi na mvumo tu, kosa ni hilo.

Kuna jambo la kuandika baada ya matengenezo?

Lipo, na naomba lisipuuzwe. Andika kwenye karatasi tarehe, kila kipande kilichobadilishwa, na volti ulizopima, uibandike ndani ya kifuniko cha nyuma mbali na joto. Katika televisheni moja iliyotoka Wete nilikuta, kwenye chuma cha sanduku la flaibaki, maandishi ya penseli ya fundi wa zamani asiyetaja jina lake: "PL509 mpya, kapasita ya gridi mpya, masika 1981." Maneno hayo yaliniokolea siku mbili za kutafuta. Nikaongeza mstari wangu chini yake, kwa penseli vile vile, kwa sababu wino hufifia kwa joto.